Nyama Ambayo Magesa Hakuila

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lile lile: ni kweli yule bwana wa wanyama alimfunga kaka yake mwenyewe? Nimejibu mlangoni, nimejibu sokoni, nimejibu nikiwa na ndoo kichwani, na sasa nasikia mtaani yanazunguka majibu ambayo sijayatoa mimi. Basi niacheni nisimulie mara moja, kituo kwa kituo. Habari za barua, vibali na tiketi nitaziruka. Zilinichosha mimi, hakuna sababu ziwachoshe na ninyi.

Kwa wasio na televisheni, yaani karibu sisi sote: Magesa ni yule anayetokea Jumapili jioni kwenye kituo kimoja kipya cha Dar es Salaam, shati la kaki, mikono haitulii, akimzungumzia kila mnyama kama anamzungumzia mkwe wake. "Kiboko mnamwona mnene," husema, "lakini ana haya." Kabla ya hapo alikuwa na kipindi redioni, na kabla ya redio alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Bunda, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Kituo kilitaka kipindi juu ya maisha yake. Mimi nilikuwa na shahada na sina kazi, nikaajiriwa kuandika maneno atakayosema.

Sentensi ya kwanza alinitajia mwenyewe, niiandike kama ilivyo: "Nimezaliwa kando ya mbuga, na tangu utoto wangu sijawahi kuonja nyama ya porini."

Niliweka kalamu chini. Nikamwuliza mama yake alikuwa anapika nini miaka ambayo duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti tu, na nyumbu wanapita nyuma ya nyumba kwa maelfu. Alinitazama jinsi nadhani alivyokuwa akiwatazama wawindaji. Siku nne hatukusemezana. Siku ya tano akaja mezani kwangu.

"Rehema, una kichwa kigumu. Twende kwetu ukaulize mwenyewe. Ukimpata mtu mmoja wa kusema nilikula, andika hivyo."

Kulikuwa na jambo la pili. Alitaka tumrekodi kaka yake, Wambura, ambaye alimkamata kwa mkono wake na nyama ya nyumbu kwenye baiskeli, akafungwa miaka mitatu. "Yamekwisha hayo," alisema. "Aseme tu mbele ya kamera kwamba yamekwisha." Nikamwuliza mara ya mwisho walionana lini. Akasema ni siku ya hukumu.

Kwa hiyo nilisafiri nikiwa na kazi moja tu kichwani: kujua kama sentensi ile ni kweli. Na Magesa alijua kwamba ikiwa ni uongo, shati la kaki linaweza kuvuliwa.

Musoma

Gari tuliloahidiwa lilikuwa Land Rover ya rafiki wa Magesa, nalo lilikuwa Tarime. Kesho linakuja, tukaambiwa. Tulisubiri kesho tatu.

Tulikuwa watu watatu: Magesa, mimi na Idi, mpiga picha wetu, kijana wa Kariakoo aliyebeba kamera kama mtu anavyobeba mtoto mgonjwa. Mchana tulikuwa tunakula kwa mama mmoja karibu na soko, ugali wa muhogo mweusi na sato wa kuchemsha, kichwa kikiwa kimeachwa ili uthibitishe hajachacha. Televisheni haifiki Musoma, hivyo hakuna aliyeijua sura ya Magesa. Lakini siku ya pili aliomba pilipili, na yule mama akasimama na mwiko hewani.

"Wewe! Sema tena."

"Naomba pilipili, mama."

"Hapana. Sema 'ndugu msikilizaji.'"

"Ndugu msikilizaji," akasema Magesa kwa ile sauti yake.

Kibanda kizima kikapiga kelele. "Ndo yeye! Yule wa fisi redioni!" Watu wakaja kumshika mkono. Ila jamaa mmoja mrefu, mwenye koti la mvua siku ya jua, hakuinuka.

"Mimi nilikuwaga nakusikiliza," alisema huku akichambua mifupa. "Unasema tembo ana akili. Kweli kabisa. Tembo wako anajuaga mtama wa mama yangu umekomaa siku gani kuliko mama mwenyewe."

Watu walicheka. Magesa naye alicheka, kisha akavuta kiti, akakaa na yule jamaa saa nzima akimwuliza shamba liko wapi, tembo wanatokea upande upi, walikuja wangapi. Aliandika kila kitu. Mimi nilikuwa nimekuja kumkamata mtu wa maonyesho, na hilo lilinisumbua. Usiku niliandika kwenye daftari: *anasikiliza.* Kisha nikaongeza: *na waongo husikiliza.*

Butiama

Siku ya nne gari lilikuja likiwa na dereva, mbuzi na kochi. Tulishusha mbuzi na kochi, dereva akatuachia funguo, na Idi akashika usukani. Tulipofika Makutano tukaiacha lami.

Dada yao Magesa na Wambura, Nyangi, ameolewa Butiama. Alitupokea kwa vigelegele, akamshika Magesa masikio yote mawili kama mtoto, akatuwekea viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, kisha vikapikwa na karanga. Nilikula hadi nikaona haya. Baadaye Magesa na Idi walitoka kwenda kupiga picha vilima na mawe, mimi nikabaki jikoni nikimenya karanga.

Sikuzunguka. Nilimwuliza, "Dada Nyangi, nyumbani kwenu mlikuwa mnakula nyumbu?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Huyu mtoto! Sasa tungekula nini, mawe? Mwaka ule mtama ulikauka wote. Wambura ndo alikuwaga anaingia porini. Tunakausha kwenye kamba, tunakula na ugali, kipande kidogo, tena kwa kujificha. Jirani akija tunasema ni mbuzi. Na yeye anasema kwake wanakula mbuzi. Kijiji kizima tulikuwaga na mbuzi wengi kweli!"

"Na Magesa?"

"Magesa si mtoto wa mama yangu?" Alisimamisha kicheko. "Siku anaenda kwenye mafunzo ya uaskari, Wambura alimletea ulimi. Alikuwa anapendaga ulimi, huyo. Mama akamfungia na ugali kwenye kitambaa, ale njiani."

Nilikuwa nimeshinda. Nilifikiri nitafurahi. Nilibaki na ganda la karanga mkononi, nikitazama shati la kaki la Magesa ambalo dada yake alikuwa ameshalifua na kulianika.

"Kwa nini unauliza?" alisema Nyangi. "Mwulize yeye."

Nilimwuliza garini, kabla hatujafika barabara kuu. Nilimwambia juu ya ulimi. Idi alitazama mbele kama mtu aendeshaye juu ya mayai. Magesa alipandisha kioo cha dirisha.

"Nyangi anapenda kuchekesha wageni," alisema.

"Kwa hiyo anasema uongo?"

"Endesha, Idi."

Bunda

Bunda tulipanga kulala usiku mmoja tu, lakini betri za kamera zilikuwa zimeisha na umeme wa mji ulikuwa wa mgao. Tulielekezwa kwa fundi Ramadhani, mzee wa kofia ya darizi anayechomea mageti, mwenye jenereta yake. Babu yake, alisema, alikuja na misafara kutoka Ujiji akaoa hapa, "na tangu hapo sisi ndo tunawatengenezea Wakristo milango, na wao wanatuuzia ng'ombe."

Betri zilichukua kutwa nzima, kwa sababu kila akianza kuchomea, jenereta ilishuka nguvu na taa ya chaja ikazimika. Hapo alikuwa anaacha kazi, anatutazama, anasema, "Haya, nyonyesheni watoto wenu," na kunywa kahawa.

"Hiyo sinema mtaonyesha wapi?" aliuliza.

"Dar es Salaam," nikasema.

"Na huku?"

"Huku haifiki bado."

Alitafakari. "Yaani mtu wa Dar ataambiwa habari za nyumbu wa Bunda, na mtu wa Bunda hatajua ameambiwa nini."

Nilitaka kumkumbatia. Magesa, ambaye alikuwa amekaa juu ya gurudumu kuukuu, alijibu badala yangu: atairudisha kwa kanda, na mashine, na jenereta, kijiji kwa kijiji, kama gari la sinema la zamani. Alisema hivyo bila kujigamba. Fundi Ramadhani akasema akija nayo, jenereta ipo. Kisha akamwinamia Magesa na kusema kwa sauti ya chini, ingawa nilisikia: "Lakini mwanangu, watu wa huku wataijua kila picha. Dar unaweza kuwaambia lolote."

Magesa hakula jioni ile.

Nyamisaba

Kijiji chao kiko mashariki ya Bunda, mwisho wa njia, ambapo mashamba yanaishia na miti ya miiba inaanza. Tulifika asubuhi. Magesa alisema tusipoteze wakati: kabla hata ya salamu Idi aweke kamera, apate picha ya nyumba ya marehemu mama yao jua likiwa bado chini. Lilikuwa kosa, na alilifanya mtu aliyezaliwa pale.

Idi alifungua ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, akaikita chini, akainama na kufumba jicho moja.

Kwanza alikuja mbio mwanamke mmoja mwenye jembe, akapiga yowe. Kisha wakaja wengine kutoka mashambani, na badala ya kutufukuza walikaa chini. Wanawake kama thelathini, kimya, miguu imenyooshwa, wametuzunguka sisi na gari letu pande zote. Sikuelewa kitu. Nilidhani ni sherehe.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mguu wa kamera aliushika kwa mkono. "Pima," alimwambia Idi. "Pima na mimi. Niandike upande wa wanyama."

Ndipo Magesa alipojipiga paji la uso. Kiangazi kilichopita, alikuwa amesikia, walikuja wapima ardhi na chombo cha miguu mitatu, wakafumba jicho moja hivyo hivyo, na baada yao yakabaki mawe ya mpaka katikati ya mashamba: huku watu, kule hifadhi. Machoni mwao sisi tulikuwa tumekuja kupima tena.

"Mama, hii ni kamera," alisema Magesa. "Mimi ni Magesa, mtoto wa hapa."

Ilikuwa kama kumwaga mafuta ya taa motoni. "Magesa askari!" Sasa walisimama. "Umemaliza kufunga watu, umekuja kufunga mashamba?" "Aliyemfunga kaka yake atashindwa na sisi?" Mtu alirusha bonge la udongo likampata begani. Idi akaanza kukunja vitu. Nami, sifichi, nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari.

Magesa hakuondoka. Alivua kofia, akaketi chini katikati yao, hapo vumbini, na kusema hainuki hadi mwenyekiti wa kijiji aje. Jua lilipanda. Saa mbili nzima walimtukana naye ameketi. Walimtukana kwa lugha yao na kwa Kiswahili, kwa zamu, wengine wakienda kunywa maji na kurudi. Mwenyekiti alipofika, mtu mfupi mwenye redio ya mkono, Magesa alimwomba jambo moja tu: atie jicho kwenye tundu aone mwenyewe.

Mwenyekiti alitia jicho. Tukasubiri.

"Mbuzi wangu," alisema hatimaye, "mbona kawa wa kijivu?"

Kile kioo kidogo huonyesha picha bila rangi. Kila mtu alitaka kumwona mbuzi wa kijivu. Walipanga foleni, wanawake wale wale, na yule bibi aliyetaka kupimwa alitazama mara tatu. Hakuna aliyetuomba radhi, wala sikuona kwa nini waombe. Lakini walituletea maziwa mgando kwenye kibuyu.

Wambura hakuwepo. Alipotoka gerezani hakurudi kijijini; yuko Kisorya, walisema, ananunua samaki kwenye mitumbwi. Bibi yule alimtazama Magesa akinywa maziwa.

"Hatakusemesha," alisema. "Si kwa sababu ya gereza. Unajua mwenyewe."

Garini nilimwuliza ni sababu gani nyingine. Alisema hajui. Hapo hata Idi aligeuza shingo kumtazama.

Kisorya

Barabara ya Kisorya inashuka kwenye ulimi wa nchi, ziwa kushoto na kulia, hadi inapoingia majini. Hapo watu husubiri kivuko cha Ukerewe. Tulimkuta Wambura kabla hatujamwuliza mtu. Ana uso wa Magesa ulioachwa juani zaidi. Alikuwa amechuchumaa akipanga sangara waliopasuliwa, na alipomwona mdogo wake aliendelea kupanga.

"Shikamoo kaka," alisema Magesa.

"Marahaba."

Magesa alianza hotuba yake. Alisema ilikuwa kazi, sheria ni sheria, amekuja wamalize, na kwamba kuna watu wa televisheni. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilikuwa nimeiandika mimi.

"Mura, mdogo wangu," Wambura alimkatisha, "mimi nilikamatwa na nyama. Baiskeli yangu, kikapu changu, nyama yangu. Wewe ulikuwa askari, ulifanya kazi. Hilo sina neno. Nilishakwambia siku ile ile pale mtoni uliponikamata, hukunisikia?"

"Sasa kwa nini..."

"Mahakamani." Aliweka chini samaki. Alinigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa hakimu. "Dada, hakimu alikuwa mtu mzuri. Alimwuliza huyu: nyumbani kwenu kulikuwa na njaa? Akasema hapana. Akamwuliza: nyama hii mlikuwa mnakula nyumbani? Akasema, mheshimiwa, sisi nyumbani hatuijui, huyu anauza kwa tamaa yake. Mama yuko pale nyuma kwenye benchi. Anasikia. Alikuja kusema ukweli, kwamba niliwalisha. Baada ya hapo atasema nini? Amwite mtoto wake mmoja mwongo ili kumwokoa mwingine? Akanyamaza. Amekufa nayo hiyo."

Nilimtazama Magesa. Nilikuwa nimebeba swali langu kutoka Dar es Salaam nikidhani ni la nyama ya nyumbu.

"Ningefukuzwa kazi," alisema Magesa. Sauti ya redio ilikuwa imekwisha. "Miaka ile, askari ambaye kwao wanakula... Mshahara wangu ndio uliokuwa unalisha..."

"Najua. Ungefukuzwa. Na sasa?"

"Na sasa pia naweza kufukuzwa."

"Basi." Wambura akarudi kwa samaki wake. "Mimi kusema yamekwisha, nitasemaje? Mimi sikuyaanza."

Kivuko kilikuwa kinaonekana mbali, kidogo kama sahani. Magesa alitembea hadi majini na kurudi. Mara mbili. Kisha alimwambia Idi aweke kamera. Mimi nilifungua daftari kutafuta la kumpa aseme. Aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Acha, Rehema."

Aliketi juu ya kreti la samaki, akatazama kamera. "Naitwa Magesa. Nimezaliwa Nyamisaba, kando ya mbuga, na nimekula nyama ya porini. Mwaka wa njaa ndiyo iliyoniponya. Kaka yangu ndiye aliyeileta. Nilipomkamata nilikuwa askari. Nilipomkana mahakamani nilikuwa..."

Kivuko kilipiga honi.

"Sauti imeharibika," alisema Idi, akitamani ardhi immeze. "Samahani mzee. Turudie."

Alirudia yote tangu mwanzo. Safari hii watu walikuwa wameanza kukusanyika na mizigo yao, na mpagazi mmoja alipita mbele ya kamera na godoro.

"Turudie," alisema Idi, karibu analia.

Niliwahi kufikiri ukweli ukishatoka mara moja huwa umetoka. Sikujua kama unaweza kuuhitaji mara tatu, mbele ya wauza samaki, huku mtu akikuambia usogeze kidevu. Alirudia. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alipofika kwenye nyama, Wambura, bila kuinua kichwa, alisema:

"Na ulimi. Sema na ulimi."

"Na nilikuwa napenda ulimi," alisema Magesa kwenye kamera. "Nilikuwa nadai ulimi."

Mtu mmoja alicheka. Magesa hakucheka. Aliendelea hadi mwisho: kwamba alisema uongo mbele ya hakimu, mama yake akisikia, kwamba bado anaamini nyumbu walindwe, na ataendelea kuwalinda, lakini hatamwambia tena mtu mwenye njaa kwamba ni mwizi tangu kuzaliwa. Kanda ikaendelea kuzunguka ndani ya kamera.

Kanda hiyo iko Dar es Salaam sasa hivi, wakubwa wa kituo wanabishana juu yake, na Magesa amewaambia ni hiyo au hakuna. Sijui watafanyaje. Ninachojua ni nilichokiona.

Wambura alinawa mikono ziwani, taratibu, mpaka viwiko. Akaikung'uta. Akaja hadi kwenye kreti.

"Sogea," alimwambia mdogo wake. "Umekaa katikati."

Magesa akasogea. Wambura akaketi, akavuta shati lake likae sawa, akamwuliza Idi atazame wapi. Idi akamwonyesha.

"Mimi naitwa Wambura," alisema. "Ile nyama ya mwaka wa njaa niliileta mimi."